Shangazi Anajibu: Bawa Limepinda, Mke Kanuna

*Shikamoo Shangazi. Ninaunda ndege ndogo za mfano, za rezini, za kivita za zamani. B.E.2c yangu, kipimo cha 1 kwa 72, imefika bawa limepinda. Tena mke wangu kanuna kwa ajili ya beseni lake. Nifanyeje?*
*Fundi, Namasakata*

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi. Mwingine angekimbilia kwa mshauri wa ndoa, na washauri wa ndoa hawajui hata rezini inavyoganda. Mimi najua kila kitu, na nisichokijua hakijatokea.

Kwanza nikusifu kwa kuchagua ndege iliyofika huku kwetu. Kikosi cha 26 cha Waingereza kilikuja nazo mwaka 1916 kumsaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Injini ya nguvu za farasi 90, mabawa ya mita 11 na ushei, rubani kaketi nyuma na mpelelezi mbele, kazingirwa na mabawa na nyaya hata bunduki haoni pa kuielekeza. Viti vile mimi ningevibadilisha asubuhi moja, kabla ya chai. Hawakuniuliza.

Wajerumani nao hawakuniuliza. Tarehe 21 Novemba 1917 walirusha puto lao L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, limebeba tani 15 hivi za risasi, dawa na mahitaji mengine kumletea Lettow-Vorbeck. Puto lenyewe halikupangiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo. Likafika Sudan, likaitwa kwa redio lirudi. Limetua Jamboli tarehe 25, na siku hiyohiyo mwenye mzigo anavuka Ruvuma pale Ngomano, mkono mtupu, anawapiga Wareno na kujichukulia bunduki zao. Ningekuwa nahodha, redio ningeizima. Mimi nikishatoka nyumbani siitwi nikarudi. Marehemu mume wangu angekuwa shahidi.

Tulikuwa wapi? Ndiyo, bawa.

Chukua maji ya chupa ya chai, ya moto lakini yasiyotokota. Zamisha bawa mpaka lilegee, lilaze juu ya kioo, likandamize kwa upole, kisha litie kwenye maji baridi likakamae. Usiliweke jikoni karibu na moto, nakujua. Kusugua, tumia msasa uliolowa na uvae barakoa, maana vumbi la rezini ni adui wa mapafu. Na ile gundi ya ndege za plastiki mpe jirani: yenyewe huunganisha kwa kuyeyusha plastiki, na rezini haiyeyuki kwayo. Yako ni supaglu. Kabla ya rangi, osha vipande kwa sabuni, kwa kuwa hutoka kwenye kalibu na mafuta yanayoifukuza rangi. Na mikono je? Kama umetoka kutafuna korosho, ioshe pia.

Nyaya za kati ya mabawa zitengeneze kwa uzi mwembamba wa nailoni. Wapo wanaotumia unywele. Wangu ungefaa kuliko wote, ila siutoi kwa ndege yenye mabawa ya sentimita 15. Nasubiri pendekezo la heshima.

Sasa mama watoto. Dawa yake ni hii: mwambie kwa sauti ya unyenyekevu kwamba B.E.2c unaiacha, na sasa unaanza L59, kwa kipimo kilekile. Puto lile lilikuwa na urefu wa mita 226. Gawanya kwa 72: mita 3 na zaidi, yaani kitanda kitoke. Mpimie kwa kamba, kuanzia mlangoni. Atakuletea beseni mwenyewe, na maji ya moto ndani. Asipolileta, basi jenga puto kweli, ulalie humo.

Mhariri ananikonyeza kwamba nafasi imekwisha. Kwa ufupi: maji ya moto, maji baridi, supaglu, na mnunulie mkeo beseni jipya, jambo ambalo ungelifanya kabla ya kuniandikia. Wewe wa Mbinga mwenye mbuzi anayekula soksi, vuta subira. Yako ni ndefu, na inanihusu mimi zaidi.