Imebaki Kumalizia Tu

Wapo wanaowabeza vijana wanaojifunza kutengeneza gemu za kompyuta, ati hawamalizi, na namba za matoleo yao hazifuatani. Leo 0.3, kesho 0.7, keshokutwa 0.4, halafu linatoka faili liitwalo “mwisho”, na wiki ijayo “mwisho kabisa 2”. Mimi nasimama kuwatetea, tena kifua mbele. Huku kwetu Masasi na Newala, kutomaliza ni ufundi wa tangu mababu.

Ukoo wake ni wa heshima. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, wakapitia Lindi, nia ikiwa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakapapenda, wakatua mizigo. Safari haikuisha, misheni ikapatikana. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni wakaivamia. Mmisionari Chauncy Maples akahamishia kituo Newala, na baadaye Masasi ikaanza upya. Sasa hilo lilikuwa toleo la 2 au la 1.1? Tazama pia Daraja la Umoja kwenye Mto Ruvuma: wazo la Tanzania na Msumbiji ni la mwaka 1975, uzinduzi ni wa 2010. Mataifa mawili yakipewa miaka 35, kijana mmoja na kompyuta ya kuazima apewe mingapi?

Lakini mfalme wa yote ni pagale, nyumba isiyokwisha. Lisogelee. Nondo zimechomoza juu ya nguzo, zimepinda, zimeshika kutu, zinasubiri ghorofa. Sebuleni umeota mpapai, na umeshazaa. Kwenye chumba cha wageni wamelala mbuzi. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Namba zake za toleo ni misimu ya korosho: msingi ni wa mwaka bei ilipopanda mnadani, kuta ni za mwaka salfa ya mikorosho ilipofika kwa wakati, na lenta ni ya mwaka ambao haukuwa na harusi. Mwishoni mwa 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kuzisomba, watu waliota hata ghorofa. Malipo ya wengine yakachelewa. Ghorofa ikabaki nondo.

Na fadhila zake? Pagale halivuji, maana halina bati. Haliibiwi, maana halina mlango. Mwenye nyumba iliyokwisha huulizwa mbona choo kiko mbali, mbona madirisha madogo. Mwenye pagale huulizwa jambo moja tu: “Limefika wapi?” Naye hujibu kwa utulivu, “Imebaki kumalizia tu.” Viongozi nao wananufaika. Wananchi wakishanyanyua boma la darasa kwa nguvu zao hadi kwenye lenta, limepatikana jukwaa la ahadi ya kupaua. Likipauliwa mapema, mgombea atahutubia nini?

Wazungu nao wamezigundua fadhila za kutomaliza kwa kuchelewa. Gemu ya Duke Nukem Forever ilitangazwa mwaka 1997. Muda wote ilipokuwa haijaisha, hakuna aliyeweza kuthibitisha kuwa ni mbaya. Mwaka 2011 wakafanya kosa la kuitoa, wahakiki wakaikaanga. Waliotengeneza gemu ya Dwarf Fortress walikuwa na akili zaidi: walikaa miaka na miaka chini ya toleo la 1, kisha mwaka 2022 wakaruka kutoka 0.47 hadi 50, kama mwalimu aliyechoka kusahihisha akaamua kugawa maksi. Naye mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth ameipa TeX, programu yake ya kupanga maandishi, namba inayoongezeka tarakimu kila inaporekebishwa, ikiikaribia pai isiyo na mwisho. Huyo angezaliwa Newala tungemwita fundi.

Wapinzani watasema mvua haisomi namba ya toleo, na kwamba mtoto wa darasa la pili anayesomea chini ya mkorosho atamaliza shule ya msingi kabla ya boma kupata bati. Hoja hiyo imepokelewa. Itafanyiwa kazi awamu ijayo.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Newala, usije ukaimaliza gemu yako. Ukiimaliza wataicheza, wakiicheza watajua kiwango chako. Iache pale pale kwenye 0.9, ambapo wewe ni bingwa na hakuna ushahidi.