Naomba Mzungu wa Kunisindikiza Nyumbani

Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Msako wa Usiku,
Mji wetu huu wa pwani,
Kenya.

MINT: OMBI LA MZUNGU WA UMMA

Shikamoo, Mheshimiwa.

Natumai barua hii itakukuta salama na umepumzika, maana usiku wa Ijumaa vijana wako walifanya kazi kubwa. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa wa nne kutoka mlango wa mariamu, lile gari lenu la polisi, mwenye dera la kijani na mkebe wa chakula mapajani.

Mji sitautaja. Nikiutaja, wenye hoteli watasema nimewaharibia msimu, nanyi mtasema nimewaharibia jina. Acha msomaji wa Malindi adhani ni Malindi, wa Mtwapa aape ni Mtwapa, na wa Diani achungulie dirishani. Baa ni zile zile, giza ni lile lile, na swali ni moja: "Wewe, unatoka wapi saa hizi?"

Natoka kazini, Mheshimiwa. Huu ni mwaka wa kumi na tano natoka kazini. Mimi ni mpishi, upande wa keki na vitu vitamu. Wageni humaliza kula saa nne na nusu. Tukishasugua meza na kuhesabu vijiko, inakaribia saa sita. Gari la wafanyakazi hutushusha barabara kuu, kwani dereva anadai njia ya kwetu inamvunjia springi. Kutoka hapo hadi mlangoni kwangu ni dakika kumi na tano kwa mguu. Katika dakika hizo, mwaka huu pekee, nimeulizwa kitambulisho mara tisa na nimelala kwenu mara mbili. Tochi za usoni sikuhesabu. Ningezihesabu vipi, na macho yalikuwa yamefumba?

Shtaka halibadiliki: kuzurura kwa nia ya ukahaba. Nawapongeza kwa hiyo nia. Mimi mwenyewe saa sita usiku sijijui nia yoyote zaidi ya kuvua viatu, lakini kijana wako aliiona kwa tochi ya simu. Nimeambiwa pia kwamba sheria haibagui, inamhusu mtu yeyote. Basi huyo mtu yeyote lazima awe anavaa dera, kwa sababu ndani ya mariamu sijawahi kubanana na mwanamume.

Ijumaa, afande mmoja alinyoosha kidole kwenye mkebe wangu. "Umebeba mchele?"

Nikamjibu kama mtu aliyelelewa: "Ulikuwa mchele, afande. Sasa ni wali."

Ulikuwa wali wa nazi, na kipande cha samaki juu yake. Ulichukuliwa kama kielelezo. Kulipokucha kielelezo kilikuwa kimeliwa, na mkebe nikarudishiwa haujaoshwa.

Mchele mnaoutafuta, ile dawa ya kumtilia mtu kwenye kinywaji apoteze fahamu, naujua. Nimemwona mgeni akiletwa na tuktuk alfajiri, hana saa, hana simu, hajui chumba chake ni nambari ngapi, na nimesaidia kumshika asianguke. Mtu anaweza kufa kwa hayo, na kumlinda ni kazi ya halali. Kinachonishinda ni ramani yenu. Aliyewekewa yuko ndani ya baa, aliyeweka yuko ndani ya baa, glasi iko ndani ya baa. Msako uko nje, mbele ya duka la unga lililofungwa tangu magharibi, unamsubiri mpishi.

Na usidhani siujui uzito wa mgeni. Mwezi wa Mei 2014, kampuni za utalii za Uingereza zilipowaondoa wageni wao Mombasa kwa sababu za usalama, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopewa likizo isiyo na mshahara wala tarehe ya kurudi. Tulikula muhogo hadi tukaanza kufanana nao. Mgeni njoo, mwenyeji apone: nalisema hilo kwa moyo mmoja. Nauliza tu kama ni lazima mwenyeji aponee seli.

Sasa nije kwenye ombi lenyewe.

Desemba iliyopita, kaskazi imeshika na hoteli zimejaa, nilishuka garini kama kawaida. Mbele yangu akatokea mzee wa Kijerumani anayeishi mitaa ya kwetu, ametoka kununua mkate. Njia yetu moja, mwendo wetu mmoja, tukajikuta tunakwenda sambamba. Hatukusemezana, mimi Kijerumani changu kinaishia kwenye keki, na yeye alikuwa na mkate wa kulinda. Tochi ikanipiga usoni. Kisha ikahama ikamwona yeye, na hapo, Mheshimiwa, nikaona ambalo sijaliona miaka yote hii: tochi ikainama chini. "Jambo, Papa!" wakasema vijana wako. Wakatupisha. Mmoja wao alinisogezea jiwe njiani nisijikwae.

Nilikuwa yule yule, dera lile lile, saa ile ile. Nikipita peke yangu nikitoka kazini, mimi ni kahaba. Nikipita na mzee aliyenizidi miaka arobaini, ambaye jina lake silijui, mimi ni mgeni wa heshima. Yaani siku ambayo mngekuwa na angalau sababu ya kunidhania, ndiyo siku mliyoniondolea jiwe. Nilifika nyumbani nikakaa kitandani na viatu mguuni, nikatambua kwamba kibali nilichokuwa nikikitafuta kimekuwepo siku zote. Kina miguu, na kinavaa soksi ndani ya sandali.

Kwa hiyo naomba mji wetu uajiri Wazungu wa Umma.

Nimelifikiria jambo hili nikikoroga mayai, nami nakuletea mpango kamili usije ukasumbuka. Kila steji iwe na wawili: mmoja kazini, mmoja akiba. Umri usipungue miaka 65, kwa sababu kijana wa kizungu akitembea nami mtafikiri tunapendana, na mapenzi yatawatia shaka. Awe ameshakaa pwani angalau wiki mbili na kuiva shingoni. Mzungu mpya, mweupe kama chaki, huonekana amepotea, nanyi mtamsindikiza yeye mniache mimi barabarani.

Sare atapewa na serikali: bukta, soksi nyeupe, kofia ya ukili. Beji hahitaji. Kazi yake ni kutembea hatua moja mbele ya mwanamke na kunyamaza. Akimulikwa, aseme "Jambo". "Hakuna matata" ahifadhi kwa sikukuu za kitaifa. Asijaribu Kiswahili sanifu hata kidogo. Akisema "hamjambo mabwana askari" kwa lafudhi safi, mtamwona ni mwenyeji, na hapo tutalala ndani wote wawili.

Matunzo yake si makubwa. Bia moja jua linapotua, usingizi wa mchana, na mafuta ya jua hata kama zamu yake ni ya usiku, maana bila mafuta hayo hajisikii yuko kazini. Atunzwe ofisini kwa chifu, aazimwe kwa kutia saini kwenye daftari, kama tunavyoazimana sufuria kubwa la chama: jina, saa ya kumchukua, saa ya kumrudisha, hali aliyorudi nayo. Atakayemrudisha amelowa mvua atalipa faini.

Nimepanga na foleni pia. Atangulie muuguzi wa zamu ya usiku, kwa sababu akilala seli kuna mzazi atajifungua peke yake. Afuate mama wa chapati, anayeamka saa tisa kukanda unga. Kisha sisi wa jikoni. Na wasichana wa baa wawe na mzungu wao, bila kuulizwa wanauza nini, kwa sababu nao wana kwao, na njia ya kwao haina taa kama yetu. Wengine waliulizwa walichokuwa wanauza, wakajibu kweli, kisha wakalipishwa mara mbili, na mara ya pili hawakulipa kwa pesa. Wanaolipwa hivyo unawajua, Mheshimiwa. Wanakupigia saluti.

Bajeti ikiwa finyu, tutaelewa. Wachongaji wa vinyago hawajapata wateja wa kutosha. Watuchongee mzungu wa mti wa mwembe, mwepesi, wa kubeba begani. Tochi ikija, namgeuza uso kwenu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee wetu wa mkate ana mwaka wa ishirini hapa, hajawahi kushika jembe, na hatumdai. Sisi twaomba ashike tochi tu.

Maombi mengine ni madogo. Mariamu iwekewe ratiba na nauli, kwa kuwa saa hizo ndilo gari pekee lenye uhakika wa kupita kwetu. Kile kitu kidogo kitolewe risiti, tukidai gharama za usafiri tuwe na ushahidi. Taa ya barabarani iliyokufa kabla ya uchaguzi izikwe rasmi, tukae matanga, tusahau. Na mtangaze urefu wa dera unaoruhusiwa kwa kila saa ya usiku, tushone mapema kabla mafundi hawajajaa kazi za Idi.

La mwisho ni kitambulisho. Changu kimeshachakaa kona kwa kutolewa na kurudishwa, na sina neno, nitaendelea kukitoa. Lakini Jumanne ya wiki ile ile niliyolala kwenu, nilikuwa nyuma ya meza ya aiskrimu. Akaja msichana. Midomo imepakwa rangi, viatu vya kisigino vimemzidi, anatembea ndani yake kama mtoto aliyevaa vya mamake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kijiko cha pili kinalipiwa. Nikamwambia hakilipiwi. Akaomba cha pili, akaomba cha tatu, akala amesimama pale pale, akilamba kijiko mbele na nyuma. Mzee aliyekuja naye alikuwa mezani akisoma simu.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu wa zamu. Nikamuuliza kama mapokezi wameona kitambulisho cha mtoto yule. Akaniuliza kama kazi nimeichoka.

Sikuichoka. Nilirudi nikapanga bakuli. Hilo nalo liandike kitabuni, siku utakapotaka kunishtaki kwa jambo la kweli.

Usiniambie sheria hakuna. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 ina kifungu cha 14, kilichoandikwa kwa ajili ya utalii wa namna hii hasa, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Usiniambie hamkujua. Mwaka huo huo wa 2006, serikali na UNICEF walitoa ripoti iliyokadiria kwamba wasichana 10,000 hadi 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono kwa vipindi. Na usiniambie ni ya wazungu peke yao: ripoti hiyo hiyo ilisema zaidi ya thuluthi ya wateja ni Wakenya wenzetu. Baadhi yao huja kwa magari yasiyosimamishwa. Hata Italia ina sheria tangu 1998 ya kumshtaki Mwitalia kwao kwa uovu aliomtendea mtoto nje ya nchi. Roma imefikisha tochi yake Malindi. Yenu haijapanda ngazi za hoteli.

Mtoto hana kitambulisho, Mheshimiwa. Hapewi mtu kabla ya miaka 18. Swali lile mnaloniuliza mara tisa kwa mwaka, mngeliuliza mara moja tu, pale mlangoni, usiku ule wa Jumanne. Mngeuliza tu! Kwa sauti ile ile mnayonipigia mimi, kwa tochi ile ile. Mlikuwa wapi? Mlikuwa barabarani mnafungua mkebe wa mtu.

Samahani. Nimepandisha sauti, na barua rasmi haipendi kelele. Turudi kwa mzungu wetu.

Ijumaa hii nina zamu. Nitashuka barabara kuu saa sita kasorobo, dera la kijani, mkebe mkononi. Kama ombi langu limepita, naomba nimkute steji amevaa soksi zake. Kama halijapita, nitakwenda peke yangu kama ada, na vijana wako watanikuta mahali pale pale, mbele ya duka la unga. Mkebeni safari hii mtakuwa na pilau. Nitapakua ya watu wawili, kielelezo kisigombaniwe. Ila nakuomba, kwa heshima na taadhima, utume afande anayeosha vyombo.

Wako mtiifu,

Mpishi wa zamu ya usiku.

Kitambulisho ninacho.