Biriani ya Nusu Bei

Mtu akikuahidi kukuletea wateja mamia kwa mamia bila wewe kutoa hata senti moja, muulize kwanza kama wateja hao wanakula. Ikiwa wanakuja kukalia kiti ambacho kingeshinda kitupu, wasuguliwe mgongo au watazame filamu, mkaribishe mtu huyo na umtilie chai. Ikiwa wanakuja kula nyama ya mbuzi, mwambie umefunga duka, umehama, na jina lako si hilo.

Elimu hii niliipata kwenye kiti cha keshia, katika mkahawa wa shangazi yangu, South C, Nairobi. Zilikuwa enzi zile tovuti za vocha zilipoingia mjini, na kila mwenye barua pepe akawa anaamka na ofa mpya: leo kung'arishwa meno kwa nusu bei, kesho kupanda farasi, keshokutwa kuondolewa nywele mahali ambapo hakuwahi kujua kuwa zina tatizo.

Shangazi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Biriani yake huanza usiku wa kuamkia siku ya kuliwa, nyama ikilala ndani ya mtindi na tangawizi, na vitunguu hukaangwa kwa subira ambayo sijawahi kumwona akiitumia kwa binadamu yeyote. Ijumaa na wikendi tulijaa. Shida ilikuwa siku za katikati. Ng'ambo ya barabara palikuwa pamefunguliwa duka la kuku na chipsi lenye taa za kuwaka na kuzima, na Jumanne adhuhuri mimi na weita tulikuwa tukitazama watu wakivuka kwenda huko.

Kijana wa mauzo alifika Jumanne kama hiyo, suti imembana na kompyuta kwapani.

"Umekula, mwanangu?" Shangazi alimuuliza, kama anavyomuuliza kila mtu, hata askari wa kanjo aliyekuja kumshtaki.

Kijana hakuwa amekula. Alikula sahani mbili za bure, akapangusa mikono, ndipo akafungua kompyuta. Mambo yenyewe aliyaeleza vizuri, siwezi kumdhulumu. Sahani mbili za biriani pamoja na bilauri mbili za maji ya ukwaju tulikuwa tukiuza shilingi 1,000. Kwenye tovuti zingeuzwa 500. Katika hizo 500 kampuni ingechukua nusu kuwa kamisheni yake, nasi tungebaki na 250. Mimi niliyekuwa nikiandika daftari nilijua kwamba nyama, mchele, samli, viungo na zafarani za sahani mbili zilitugharimu kama 400, na hapo hujamlipa mpishi, hujanunua makaa, wala hujakutana na mwenye nyumba.

"Mama, usiite hasara," kijana alisema. "Iite tangazo. Redioni wanakutoza kiasi gani?"

Shangazi alikuwa amewahi kuuliza bei ya tangazo la redioni, na siku hiyo alirudi nyumbani akaomba maji. Hoja ilimwingia. Kijana akaongeza kwamba wako wengi wanaonunua vocha kisha wakasahau kuzitumia, hivyo biriani nyingine zingelipiwa bila kupikwa. Hapo nilikohoa. Watu wa Nairobi nawajua: husahau siku ya kulipa kodi, husahau jina la mwalimu wao wa darasa la kwanza, lakini hujamwona anayesahau chakula alichokilipia.

Kwenye mkataba palikuwa na nafasi ya kujaza idadi ya juu ya vocha zitakazouzwa. Nilisema tuandike mia. Kijana alitabasamu kwa huruma. "Kwa nini ujiwekee mpaka wa baraka, mama?" Ukimtajia shangazi yangu baraka, mazungumzo yamekwisha. Alisaini kwa kalamu ya kijana mwenyewe, na kalamu hiyo ndiyo faida pekee ya mkataba ule ninayoweza kuithibitisha, kwa sababu ninayo mpaka leo.

Mtindo wenyewe ulianzia Chicago mwaka 2008. Ofa ya kwanza ya kampuni iliyouanzisha, Groupon, ilikuwa pizza mbili kwa bei ya moja, kwenye baa iliyokuwa ghorofa ya chini ya jengo walimofanyia kazi. Miaka miwili baadaye Google ilitaka kuinunua kampuni hiyo kwa takriban dola bilioni 6, wenyewe wakakataa. Mwaka 2011 wakaingia kwenye soko la hisa, na mwaka 2013 mwanzilishi wake, Andrew Mason, akafukuzwa kazi. Aliwaaga wafanyakazi kwa barua iliyoanza kwa kudai kwamba anataka muda zaidi na familia yake, kisha akakiri kuwa anatania na kwamba kwa kweli amefukuzwa. Ningependa sana kijana wetu wa suti angekuwa na ucheshi wa namna hiyo wakati nilipompigia simu kuuliza mbona vocha hazikomi kuuzwa.

Maana ziliuzwa. Siku ya pili nilitazama idadi, nikadhani mtandao umeharibika. Shangazi alipoisikia alipiga vigelegele. Mpishi aliposikia alikaa chini.

Vocha zilikuwa na muda wa miezi mitatu. Miezi miwili ya kwanza walikuja kidogo kidogo, tukaanza kumwamini kijana. Mwezi wa tatu walikuja wote. Nikiwa na orodha ya namba za vocha iliyochapishwa kwa herufi za sisimizi, nilitakiwa kuitafuta kila namba, niikate kwa kalamu, huku mteja akinitazama kama daktari anayechelewesha majibu. Wengine walileta karatasi, wengine ujumbe kwenye simu, na simu ilikuwa imezima, hivyo waliomba chaja. Kuna jamaa aliyeleta karatasi iliyokunjwa ikalowa, namba zimefutika isipokuwa 7 na herufi K, akataka nimhudumie kwa imani.

Vocha ilisema watu wawili. Sikujua neno "wawili" lina matawi mengi hivyo. Alikuja bwana peke yake akataka sahani moja leo na ya pili aifuate kesho. Alikuja mwingine akasema mkewe yuko Kisumu, tumfungie sehemu yake. Walikuja kumi na vocha tano, wakaunganisha meza nne, wakafanya kikao cha chama chao cha kukopeshana kuanzia saa saba mpaka karibu na magharibi, na katika muda huo hawakununua hata soda. Maji waliomba ya bomba. Ukwaju ulipokwisha niliwatolea watu soda badala yake, na bibi mmoja aliyevaa kofia ya kanisani akanisomea karatasi yake kwa sauti, taratibu, kama anayesoma hati ya mirathi: "Imeandikwa ukwaju."

Kilichomuumiza shangazi zaidi ni swali moja. Mteja anawekewa sahani, anaigeuza kushoto, anaigeuza kulia, halafu anauliza: "Hii ni sahani ya vocha au sahani ya pesa?" Shangazi aliliona hilo kuwa tusi kwa ukoo wetu wote. Mpishi alikuwa ameshauri kwa nia njema kwamba za vocha ziwekewe mfupa mkubwa na mbatata mbili, na shangazi akamfukuza jikoni kwa mwiko. Hakuna atakayekula mfupa ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo sahani zilijaa, wasiwasi wa wateja haukuisha, na kila nilipokata namba kwa kalamu niliona shilingi 150 zikiondoka, zimefunikwa kachumbari.

Jumamosi ya mwisho kabla ya vocha kuisha stima zilipotea. Sitaisimulia Jumamosi hiyo yote. Itoshe kusema mlangoni palikuwa na foleni, barabarani palikuwa na mvua, na mwenye duka la kuku na chipsi alituletea mishumaa. Alikuja mwenyewe, akatazama umati, akaniambia kwa heshima kubwa kwamba tumebarikiwa. Nikamtazama. Alikuwa anamaanisha.

Walau sisi hatukuwa Woodley. Huko Uingereza, karibu na Reading, mwokaji mmoja alitoa ofa mwaka 2011: keki ndogo dazeni moja, ambazo bei yake ilikuwa pauni 26, kwa pauni 6.50. Walinunua watu 8,500. Piga hesabu mwenyewe: keki 102,000, kwenye duka la wafanyakazi wachache. Ilibidi aajiri vibarua 25 wa kumsaidia kuoka, na ofa ikamtia hasara ya kama pauni 12,500, faida yake ya mwaka ikaenda nayo. Nilipomsomea shangazi habari hiyo, alinyamaza, kisha akauliza kama keki zilikuwa nzuri.

Mtu aliyesema yote kwa maneno machache alikuwa mzee wetu wa Ijumaa. Mzee huyu alikuwa akija kila wiki baada ya swala, anakaa meza ya dirishani, anakula, analipa, anamwachia weita bakshishi na kumwombea mke mwema. Ijumaa moja aliikuta meza yake imekaliwa na vijana wanne wenye vocha mbili wakipiga picha chakula. Alisimama. Akaniuliza wamelipa kiasi gani. Sikutaka kusema, lakini kijana mmoja alimjibu kwa furaha, hata akamwonyesha namna ya kujiandikisha.

Mzee alimgeukia shangazi. "Bi mkubwa, mimi nimekula hapa tangu ulipokuwa na meza tatu. Wenzangu wa leo wanakula kwa nusu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa naona mgeni amekuja, mwenyeji amekonda." Akaenda zake. Tulimkosa Ijumaa kadhaa. Shangazi alimpelekea sinia nzima nyumbani kwake, na hiyo nayo niliiandika kwenye daftari, chini ya "matangazo".

Weita nao walikuwa wamenuna. Bakshishi ilikuwa imekauka, kwa kuwa mtu aliyelipa wiki tatu zilizopita kwenye mtandao anapoinuka mezani mkono wake hauna sababu ya kuingia mfukoni. Kazi mara mbili, chochote hamna. Nilidhani ni manung'uniko ya kawaida, mpaka niliposoma kuhusu utafiti wa Utpal Dholakia wa Chuo Kikuu cha Rice, aliyezihoji biashara 150 zilizotumia Groupon, akatoa matokeo mwaka 2010. Asilimia 66 zilisema zilipata faida, 32 hazikupata, na zaidi ya 40 zilisema hazitarudia. Migahawa ndiyo iliyofanya vibaya zaidi, spa na saluni zikafanya vizuri. Na miongoni mwa mambo yaliyotenganisha waliofaidi na walioumia, kubwa lilikuwa kama wafanyakazi wenyewe waliridhika. Sisi tulikuwa mkahawa, na weita wetu mmoja alikuwa ameacha kunisalimia.

Jirani yetu mwenye chumba cha masaji alitoa ofa kama hiyo, kwa kampuni hiyo hiyo, na akafurahi mpaka akanunua friji. Sioni ajabu. Kitanda chake saa nne asubuhi kilikuwa kitupu, na saa nne ikipita haiwezi kuuzwa saa kumi. Mteja wa nusu bei anamgharimu mafuta kidogo na taulo la kufua. Aliweka kikomo cha vocha, akazifunga siku za wikendi, akawa hamwachi mtu atoke bila kumwandika tarehe ya kurudi. Hoteli za Diani zenye vyumba vitupu mwezi wa Mei zinaweza kufanya vivyo hivyo. Lakini mbuzi, awe amenunuliwa Jumanne au Jumamosi, mchinjaji anadai bei ile ile, tena siku hiyo hiyo. Kampuni ya vocha ilitulipa kwa mafungu, la mwisho likaja baada ya barua pepe nyingi na safari moja ya shangazi mwenyewe hadi ofisini kwao, akiwa na buibui lake la kwenda misibani.

Baadaye aliweka mpango wake. Jumanne na Jumatano anayekula biriani kwa bei kamili anapewa bajia na maji ya ukwaju bure. Bajia ni unga wa dengu na mafuta. Hata mimi naweza kulala nikiwa nimezigawa. Habari ilisambazwa kwa ujumbe wa simu kwa wateja wa kudumu, wa kwanza akiwa mzee wa Ijumaa, ambaye sasa huja na Jumanne pia na kulalamika kwamba bajia hazina pilipili.

Na wale wa vocha? Waliorudi na pesa zao wanahesabika kwa vidole. Namkumbuka vizuri bibi mmoja aliyekuja alasiri akiwa peke yake. Alisema alikula hapa kwa vocha na hajaisahau ladha. Alilipa bei kamili, akamwachia weita mia, akaomba kuonana na mwenyewe ampongeze. Shangazi alitoka jikoni akijifuta mikono, uso umemchangamka kuliko nilivyowahi kumwona tangu msimu ule uanze. Yule bibi akamshika mikono, akamsifu kwa kirefu, kisha akaketi, akavuta mkoba wake, na akafungua kompyuta. Alikuwa anatoka kampuni nyingine ya vocha.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akamwongezea kachumbari. Halafu akamuuliza kama kwenye tovuti yao yupo mchinjaji anayeuza mbuzi kwa nusu bei, kwa sababu vocha za huyo angezinunua zote, na hatasahau hata moja.