Hakina Mfano, Ila Miwili

Mwandishi anayetaka wakala wa London au New York amtafutie mchapishaji sharti aandike barua ya ukurasa mmoja. Humo aape kwamba riwaya yake haina mfano, kisha ataje mifano miwili.

Mifano yenyewe haiokotwi. Kitabu cha kulinganishia kiwe kimeuzika, lakini kisivume mno. Ukitaja Harry Potter, una majivuno. Kiwe cha miaka mitatu minne hivi iliyopita, maana wakala anataka kujua soko la leo linanunua nini. Kwa kipimo hicho Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, imepitwa na tarehe kama maziwa ya pakiti.

Kwa mwandishi wa Unguja, jibu la haraka ni Gurnah. Lakini riwaya yake Paradise ni ya 1994: imezeeka. Theft ni ya 2025: umri unafaa, ila mwenyewe alitwaa Nobel 2021, na kujipima bega na mshindi wa Nobel ni utovu wa adabu.

Mwandishi akikipata kitabu kinachofaa, huenda akajibiwa kwa upole kwamba wakala tayari anacho kinachofanana na hicho. Asipokipata, ataambiwa riwaya yake haina soko.

Heri Shaaban Robert, aliyetoa Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani, mwaka 1951. Leo angetakiwa ataje nchi nyingine mbili za namna hiyo, zote za miaka ya karibuni, na zote ziwe zimeuzika kwa kiasi.