Leseni ya Kuua

James Bond hakupata zile sufuri mbili za 007, yaani leseni ya kuua, kwa kubembeleza. Katika Casino Royale ya 1953, Ian Fleming anaeleza kwamba jamaa aliua kwanza, mmoja New York na mwingine Stockholm, ndipo akatunukiwa. Kumbe Waingereza nao hufuata utaratibu wa steji ya bodaboda ya Ekero: pikipiki unaanza kuendesha leo, umebeba abiria watatu na gunia hadi Mumias, leseni itakukuta mbele ya safari.

Sisi Kenya tuko makini zaidi, kwenye karatasi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linataka askari mwenye sare avae jina au namba yake panapoonekana. Risasi ni hasa ya kulinda maisha, njia nyingine zikishindikana; na mtu akifa, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ijulishwe. Tamu kweli. Ila kwenye maandamano ya 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha tuliona wenye bunduki wakija na jinzi, kofia na barakoa. Namba? Labda ya viatu. Bond, pamoja na ujasusi wake wote, hujitambulisha hata kwa asiyemuuliza, tena jina la ukoo analitaja mara mbili.