Mwera Apewe Maua Yake

Wilayani Rungwe kila chenye faida kimeshapata wa kukisifia. Ndizi zimesifiwa, chai imesifiwa, viazi na maziwa vimesifiwa, na hata ile baridi ya Tukuyu ya mwezi wa saba, inayomlaza mgeni wa Dar es Salaam na koti lake, ina watetezi wanaoapa kwamba hurefusha maisha. Aliyesahaulika ni mmoja. Ni Mwera, upepo wa kusini-mashariki unaolipanda Ziwa Nyasa kwa urefu wake wote, hasa kati ya Mei na Agosti, ukipindua mitumbwi, ukiwalaza njaa wavuvi wa Matema na kuwakalisha abiria wa bandari ya Itungi juu ya mizigo yao wakitazama mawimbi. Ametukanwa kwa Kinyakyusa, kwa Kikisi, kwa Kinyanja na kwa Kiswahili. Ni wakati wa kumtendea haki.

Msomaji wa Tukuyu asidhani habari hii ni ya watu wa Kyela peke yao. Kyela yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe mpaka miaka ya 1970. Na zamani za Wajerumani boma la kwanza, Langenburg, lilijengwa ufukweni mwa ziwa, kisha likahamishiwa milimani na kuitwa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Yaani mji ulizaliwa ufukweni ukakimbilia mlimani. Sababu zinazotajwa ni joto na homa za bondeni. Mwera hakuitwa kutoa ushahidi.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo desturi ya kumsifu mkubwa. Mwera si upepo wa kuokotwa. Ni jamaa wa kusi, yule yule anayesukuma majahazi ya pwani kutoka Kilwa kwenda Lamu. Ila pwani kusi ana bahari nzima ya kunyooshea miguu, na huku Nyasa amebanwa. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, lakini hata penye upana mkubwa halizidi kilomita 75 hivi. Upande wa mashariki, katika pembe ya kaskazini, Milima ya Livingstone imesimama wima kutoka majini. Upepo ukishaingia katika ujia huo hauna pa kuchepukia. Na kwa kuwa wimbi hukua kadiri linavyosukumwa mbali, wimbi la Mwera, ambalo limeanza safari huko kati ya Malawi na Msumbiji, hufika Tanzania likiwa mtu mzima. Matema ndiyo kituo cha mwisho, na hapo kila wimbi hushusha mizigo yake yote. Mwera akishika zamu hukaa siku tatu, hata tano, bila kuomba likizo.

Sifa yake kubwa ni ualimu. Mtumbwi wa Nyasa huchongwa kwa gogo moja, mdomo mwembamba kuliko tumbo, ili maji yakirushwa yasipate mlango mpana wa kuingilia. Mpiga kafi hukaa juu, miguu ndani, na chombo chote hulalia upande anaokohoa. Mgeni akiupanda mara ya kwanza hupinduka papo hapo, maji yakiwa ya magoti, mbele ya watoto. Chombo cha namna hii, katika maji matulivu, kingemfanya mtu awe mvivu. Mwera haruhusu hayo. Humfundisha mvuvi kutoka alfajiri, wakati ubaridi wa milimani unateremka na kulisukuma ziwa litulie, na kurudi kabla jua halijapanda na upepo haujaamka. Hakuna kengele ya shule wilayani inayotiiwa namna hiyo. Mwanafunzi aliyechelewa haandikwi jina, bali anatafutwa.

Humfundisha pia mambo ya omo na tezi. Mawimbi ya Nyasa ni mafupi na yamesimama, moja halijaondoka jingine limeshafika, kwa hiyo chombo kikikaa ubavu hujazwa mara moja. Mwenye akili hulielekezea wimbi omo, kimshazari kidogo, huteremsha mizigo chini kabisa, humweka mtu mmoja wa kufua maji asiyefanya kazi nyingine, na hasubiri maji yafike vifundoni ndipo akumbuke upo uko wapi. Akitaka kugeuza hungoja mawimbi makubwa yapite, kisha hugeuza katika ule mwanya mdogo, haraka, bila majadiliano. Mwenye tanga naye ana somo lake. Anayekwenda kaskazini, Mwera humpa lifti ya bure, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mtumbwi hauna mkuku wa kushika maji. Hauwezi kubisha. Ukijaribu kurudi kusini kwa tanga huteleza kando kama kaa, ukitazama kwenu na kuelekea kwingine. Ndiyo maana wenyeji hutua tanga mapema, hushika makafi, hutambaa kando ya ufuko, na upepo ukizidi hukivuta chombo mchangani na kulala hapo hapo.

Wanafunzi wa Mwera wametoka mbali. Mwaka 1861 David Livingstone, ndugu yake Charles na daktari John Kirk walifika ziwani na kimashua chepesi cha makasia manne, chenye tanga, ambacho watu walikuwa wamekibeba nchi kavu kuyapita maporomoko ya mto Shire, mwendo wa kilomita 60 na ushei. Siku hizi tajiri wa Ulaya huiburuta mashua yake kwa gari mpaka ufukweni. Wakati ule tela lilikuwa na mabega na miguu. Waliingia ziwani mwanzoni mwa Septemba, wakafuata ufuko wa magharibi. Upepo ukawakuta. Mawimbi ya ufukweni hayakuruhusu kutua, basi wakatia nanga kama maili moja kutoka nchi kavu, penye kina cha mita 13 hivi, wakakaa kuyahesabu mawimbi makubwa yakija matatu matatu, kisha utulivu mfupi, kisha matatu mengine. Livingstone, aliyekwisha kuona Maporomoko ya Victoria na simba wa kumng'ata bega, alisema ziwa lile lingefaa kuitwa la dhoruba. Kimashua hakikufika kaskazini. Unyakyusa ukakosa kutembelewa na mtu maarufu, na ukaendelea na shughuli zake kwa amani miaka mingine kadhaa, hisani ambayo haijaandikwa popote kwa jina la mfadhili wake.

Wajerumani walidhani dawa ni ukubwa wa chombo. Kwa fedha zilizotokana na bahati nasibu ya kupinga utumwa waliagiza meli ya mvuke, wakaisafirisha vipande vipande kupitia Zambezi na Shire, wakaiunga, na mwaka 1893 ikaelea Nyasa kwa jina la Hermann von Wissmann. Ilivumilia upepo vizuri. Kilichoipata kilitoka kwa binadamu: mwezi Agosti 1914, ndani ya msimu wa Mwera, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, ilipigwa na mzinga wa meli ya Kiingereza Guendolen iliyoongozwa na nahodha Rhoades. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza, na inasimuliwa kwamba alikwenda kwa mashua kumuuliza mwenzake, aliyekuwa rafiki yake wa glasi, kama amelewa. Mtetezi wa Mwera anaomba iandikwe kwamba siku hiyo mteja wake hakuhusika.

Kuna mahali sifa hizi hushindwa kutabasamu, na si haki kuparuka. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya, mpya kama jina lake, ikiwa na wiki chache tu za kazi, ilipinduka katika upepo mkali karibu na Chilumba, ng'ambo ya Malawi. Walikufa watu 145. Msimu ulikuwa wake, ziwa lilikuwa lake, na hapa hakuna wakili atakayemsafisha.

Biashara, je? Twende Ikombe, kwenye rasi iliyo chini ya Milima ya Livingstone, kwa kina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu vinavyopikia maharage kuanzia Matema mpaka Tukuyu na Mbeya. Udongo hukandwa kule, chungu huchomwa kule, halafu hupakiwa mtumbwini na kuvushwa hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi. Mtu asiyejua biashara atastaajabu. Bidhaa inayovunjika kuliko zote inasafirishwa kwa chombo kinachoyumba kuliko vyote, mbele ya upepo usio na huruma. Lakini hebu fikiri: chungu kilichopita mikononi mwa Mwera bila ufa kinahitaji muhuri gani tena wa ubora? Mnunuzi wa Lyulilo hukigonga kwa kidole, husikiliza mlio wake, hulipa. Kile ambacho kingepasuka jikoni pa mteja kimekwishapasukia njiani, kwa hasara ya muuzaji, jambo ambalo Mwera hajawahi kuliombea radhi.

Lakini hizo zote ni sifa ndogo. Deni kubwa liko mlimani, kwa watu wa Tukuyu wasiowahi kushika kafi. Uso wa ziwa uko kama mita 474 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko juu zaidi kwa mita elfu moja na zaidi. Mlima Rungwe unafika karibu mita 2,960. Upepo wa kusini-mashariki ukipita juu ya maji hunywa unyevu, hufika mwisho wa ziwa, hugonga milima, hulazimika kupanda, hupoa, na kutapika ulichokunywa. Matokeo yake ni mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Rungwe kuwa mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Kwa ekari moja ya migomba hizo ni tani 8,000 za maji, zilizopandishwa kilomita nzima kwenda juu bila pampu, bila mafuta ya dizeli, bila kikao cha kamati ya maji. Wakili mwaminifu angeongeza kwamba si maji yote hayo yanatoka ziwani, kwamba mvua kubwa ya Aprili ina wakubwa wengine, na kwamba Mwera mwenyewe wa Juni na Julai huleta zaidi ukungu na manyunyu. Lakini manyunyu hayo ndiyo yanayoyafanya majani ya chai yabaki kijani wakati nyanda za juu nyingine zimekwisha kuwa za rangi ya mchanga. Chai imelimwa Kyimbila tangu 1904. Hakuna paketi hata moja yenye picha ya Mwera.

Zamani wazee walimpelekea Lwembe, mkuu wa matambiko kule Lubaga, maombi yao ya mvua, na mvua ikinyesha shukrani zilikwenda kwa Lwembe. Baadaye misheni ilifika, ya Wamoravian ikianzishwa Rungwe mwaka 1891, na shukrani zikapata anwani nyingine. Mbeba maji hakutajwa katika awamu yoyote.

Na angalia jinsi anavyomalizia kazi. Mvua aliyoipandisha haikai mlimani. Hushuka kwa Kiwira, kwa Mbaka, kwa Lufilyo, ikiwa na udongo mzuri wa volkano wa Rungwe mgongoni, na kuumwaga kwenye tambarare ya Kyela, ambako mpunga huushukuru, na ziada huitupa ziwani. Mchanga na tope vimeziba mlango wa bandari ya Itungi kwa miaka mingi hata baadhi ya shughuli za meli zikasogezwa bandari ya Kiwira. Wahandisi huliita hilo tatizo. Wanaopanda MV Mbeya II wakiwa na matenga yao hulia na ratiba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo mkali na mawimbi, wavuvi husikiliza redio, kisha hutoka nje kuitazama Milima ya Livingstone kupata maoni ya pili. Ila kwa mtu mwenye jicho la kumtetea, mpango mzima umekamilika: Mwera hupandisha maji, maji huteremsha udongo, udongo huziba bandari, na meli isiyoweza kutoka bandarini haiwezi kukutana na Mwera. Ni upepo gani mwingine Afrika Mashariki unaojigharamia kizuizi cha kuwalinda watu dhidi yake wenyewe?