Sifa za Tarehe Isiyo na Mjomba

Washairi wetu wameusifu mnazi, wameisifu jahazi, wamewasifu wapenzi wao mpaka kope. Sijaona aliyekaa chini akaisifu tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Kazi hiyo nimejitwika mimi leo, na kwa kuwa sifa si za kumwaga ovyo, nimechagua iliyo bora katika ukoo wake wote: tarehe ya mwisho ya vyuo vikuu vya Japani.

Nianze na tabia yake. Kwetu dirisha la maombi likifungwa huacha upenyo. Udahili una awamu ya kwanza, una ya pili, wakati mwingine una ya tatu, na nyuma ya ya tatu yupo mtu anayemfahamu mtu. Mzazi akisikia muda umepita hashtuki, anasema, "Tutaongea nao." Sasa ajaribu kuongea na Ijumaa ya Tokyo. Haina binamu ofisini, hainywi chai, haijui kwamba baba yako aliwahi kuwa diwani. Zaidi ya hapo, ina sura mbili, na zote mbili zimeandikwa kwenye tangazo. Kuna maombi yanayokubaliwa iwapo muhuri wa posta unaonyesha yalitumwa ndani ya muda, na kuna yanayotakiwa yawe yamefika mezani siku hiyo. Mwombaji wa Mbeya asiyesoma mstari huo hutuma bahasha yake ndani ya muda, nayo bahasha hufika salama salimini nje ya muda. Tarehe haimchukii. Haimjui tu. Katika nchi ambayo kila mtu anajuana na kila mtu, kutojulikana na kiumbe mwadilifu namna hii ni bahati.

Nasaba yake nayo si ya kubeza. Zama za Edo mtoto wa Kijapani aliingia shule ya mtaani siku yoyote mzazi aliyoamua kumpeleka, kama inavyofanyika hadi leo katika madrasa zetu nyingi. Baada ya 1868, Japani ilipojifunza vyuo vikuu kutoka nchi za Magharibi, ilichukua na Septemba yao. Riwaya ya Natsume Sōseki iitwayo Sanshirō, ya mwaka 1908, inaanza na kijana yumo garimoshini, ametoka Kyushu anakwenda kuanza chuo Tokyo, joto la kiangazi bado halijaisha. Kwa mwanafunzi wa leo safari hiyo ni kichekesho: kijana amechelewa miezi mitano, au amewahi miezi saba. Kilichogeuza mambo ni hazina. Serikali iliuhamishia mwaka wake wa fedha Aprili mosi mwaka 1886, shule zikaanza kuufuata mfuko, na mwaka 1921 Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo nacho kikasalimu amri. Wanaodhani Aprili ilichaguliwa kwa ajili ya maua ya sakura wanaipamba bure. Ilichaguliwa na wahasibu; maua yalijitokeza kupiga picha.

Maadui hawakukosekana. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Tokyo chenyewe kilitoa pendekezo la kuanza masomo wakati wa vuli ili kiende sambamba na dunia. Mwaka uliofuata pendekezo likawekwa kando. Mwaka 2020 korona ikafunga shule, wakuu wa majimbo wakapaza sauti kwamba sasa ndiyo nafasi ya kurudi Septemba, na serikali ya Abe Shinzō ikalitafakari jambo hilo mpaka mwanzoni mwa Juni, kisha ikaliacha. Janga lililozuia ndege, lililoahirisha Olimpiki, lilishindwa kuisogeza Aprili. Nani kati yetu ana uti wa mgongo kama huo?

Karama yake kubwa, hata hivyo, ni kuwafundisha vijana unabii. Ufadhili wa serikali ya Japani unaotolewa na Wizara ya Elimu, MEXT, kupitia balozi zake, hutangazwa kwa kawaida kuanzia Aprili na kufungwa Mei au Juni, kila ubalozi na siku yake. Mtihani wa kidato cha sita wa Tanzania hufanyika Mei. Matokeo hutoka Julai. Mazungumzo ya nyumbani huwa hivi:

"Baba, shikamoo. Wanataka tuombe mwezi huu."

"Marahaba. Matokeo yametoka?"

"Bado, baba."

"Sasa tunaomba na nini, mwanangu?"

Wanaomba na cheti cha kidato cha nne, na matokeo ya mtihani wa utamilifu, na barua ya mkuu wa shule inayomsifia kijana kwa mambo ambayo bado hajayafanya. Kila karatasi iandikwe namba kwenye kona ya juu kulia. Jambo la namba linaonekana dogo, lakini ni busara kubwa: asiyejua kesho yake itakuwaje, walau ajue ukurasa wake ni wa ngapi. Na endapo kijana ataitwa kwenye mitihani ya maandishi na usaili katikati ya mwaka, huenda ikaangukia siku ambazo wenzake waliohitimu wanaripoti kambini JKT. Tarehe ya Japani haikupanga kumgombanisha kijana na afande. Imetokea tu, na amepata somo la uongozi mapema kuliko wale wote watakaosubiri kulisikia kwenye semina.

Methali zetu zimegombana miaka mingi, moja ikisema haraka haraka haina baraka, nyingine ikitishia kwamba ukichelewa utamkuta mwana si wako. Ugomvi huu mheshimiwa wetu ameumaliza kwa kumridhisha kila upande. Mwombaji anatakiwa aharakishe kama nyumba inawaka, kisha angoje kama aliyepanda mkorosho. Tazama aliyejaza fomu ya shahada ya kwanza Mei 2025. Akifaulu ubalozini, jina lake linapelekwa Tokyo. Jibu la mwisho linarudi mwanzoni mwa 2026. Anapanda ndege Aprili, anakaa mwaka mzima Tokyo au Osaka akijifunza Kijapani, na Aprili 2027 ndipo anapoingia kwenye mhadhara wa kwanza wa shahada yenyewe. Wakati huo waliomaliza naye kidato cha sita wako mwaka wa pili hapa nyumbani, wameshapokea bumu mara kadhaa na kulimaliza kila mara. Lakini wao hawakupata karibu miaka miwili ya kufikiria kama kweli wanaupenda uhandisi wa majengo.

Wapo watakaonong'ona kwamba anayejilipia mwenyewe ana njia fupi. Anayo, na tarehe zake ni nyingi zaidi, kwa hiyo baraka zake ni nyingi zaidi. Mtihani wa EJU wa kuingia vyuo vikuu vya Japani kwa wanafunzi wa kigeni, ulioanza mwaka 2002, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Novemba. Kwa wa Juni watu hujiandikisha Februari au Machi. Wa Novemba, Julai. Vituo vyake vya nje ya Japani karibu vyote viko Asia, kwa hiyo mkazi wa Mombasa au Bujumbura anayeutaka hupata na utalii juu yake. Wengi huamua kwenda kwanza shule ya lugha nchini Japani, ambako kwa muhula wa Aprili maombi mara nyingi hufungwa karibu na Novemba ya mwaka uliotangulia, na kwa ule wa Oktoba hufungwa karibu na Mei. Muda huo wote wa katikati ni wa kutafuta hati ya kustahiki ukaazi kutoka Uhamiaji wa Japani, ambayo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kutoka. Mwanafunzi huyu atajifunza Kijapani kingi, lakini maneno yake ya kwanza yatakuwa majina ya miezi, na miezi ya Kijapani, kwa hisani, huhesabiwa kwa namba tu.

Nitaje kwa haki kwamba kuna vyuo visivyoitii Aprili kwa moyo wote. Chuo Kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific, kilichofunguliwa mjini Beppu mwaka 2000, hupokea wanafunzi Aprili na pia Septemba, na mtu anaweza kusoma kwa Kiingereza. Nina wasiwasi nao watu hawa. Wanaharibu watoto.

Anayetaka shahada ya uzamili hana budi kuonja sifa nyingine ya kalenda hii, nayo ni ukimya. Kabla ya fomu lazima kuwe na profesa aliye tayari kumpokea. Mwombaji anatunga barua pepe, anaieleza tasnifu yake, anaituma. Aprili profesa ana wanafunzi wapya. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei kuna mfululizo wa sikukuu. Julai ni mitihani ya muhula. Agosti katikati ni Obon, watu wamekwenda vijijini kwa wazee wao waliotangulia. Na kando ya Obon, Agosti hiyo hiyo au Septemba, ndiyo mitihani ya kuingia uzamili katika vyuo vingi, ambayo profesa mwenyewe anaisahihisha. Februari na Machi anasoma tasnifu za wanaomaliza na kusimamia mitihani ya wanaoingia. Ukitoa siku hizo zote, zinabaki wiki chache nzuri, mathalani za katikati ya Mei na za Oktoba, na hizo ndizo ambazo mwombaji wetu yuko kwenye msiba, kwenye harusi, au hana bando. Lakini ukimya huu ni chujio safi kuliko mtihani wowote. Anayeandika mara ya pili kwa adabu ileile, bila kuuliza mbona kimya, tayari ni nusu mtafiti.

Sasa nifike kwenye sifa ambayo naamini ni Waswahili peke yetu tunaoweza kuionja. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita. Fomu inayofungwa saa kumi na moja jioni ya huko hufungwa saa tano asubuhi ya Dar es Salaam. Mtazame sasa Mjapani: mshale wa saa yake uko kwenye 5. Sisi nasi tunasema tano. Kwetu ikiwa saa tisa alasiri, saa ya ukutani Tokyo inaonyesha 9. Kwetu ikiwa saa kumi na mbili jioni, huko mishale yote miwili imesimama juu, kwenye 12, usiku wa manane. Hivyo mzee wa pwani anayetegesha saa yake ya mkononi kwa hesabu ya Kiswahili amevaa saa ya Tokyo maisha yake yote, bila viza na bila nauli. Vijana wake waliorekebisha simu zao zisomeke kizungu ndio wanaochelewa.

Ila mshale ukifanana haina maana kwamba siku zinafanana. Jua likizama Kariakoo, Tokyo kumeingia kesho. Mwombaji aliyepanga kupakia nyaraka siku ya mwisho baada ya magharibi anapakia siku ya baada ya mwisho. Na yule anayesubiri bando la usiku kwa sababu ni nafuu, atabonyeza kitufe wakati karani wa huko anaamka kuoga aende kazini. Nani mwingine angeweza kumfundisha kijana jiografia kwa gharama ndogo kiasi hicho?

Nisisahau umri. Tangazo la ufadhili wa MEXT huwataka waombaji wawe wamezaliwa tarehe 2 Aprili ya mwaka fulani au baada yake. Mbona si tarehe mosi? Kwa sheria ya Japani ya mwaka 1902 mtu hutimiza umri inapoisha siku inayotangulia siku yake ya kuzaliwa, hivyo aliyezaliwa Aprili mosi huhesabiwa pamoja na kundi la mwaka wa shule uliotangulia, naye ndiye mdogo kuliko wote darasani. Wa Aprili 2 ndiye mkubwa kuliko wote wa kundi linalofuata. Mama aliyejifungua usiku wa manane huko Tandahimba hakujua kwamba dakika chache zilikuwa zinajadili ufadhili wa mwanawe.

Na akikubaliwa, kijana asidhani ameagana na tarehe. Asiye na ufadhili anayeingia chuo cha taifa atatakiwa kulipa ada ya kujiunga, kwa kawaida yeni 282,000, ndani ya siku zilizotajwa, na akibadili mawazo hairudishwi. Ile hati ya kustahiki ukaazi ina uhai wa miezi mitatu. Ikipita kabla hajaingia nchini, aanze upya. Akitua Narita anapewa kadi ya ukaazi, na tangu apate mahali pa kuishi ana siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa kuandikisha anwani. Anakwenda, anachukua namba, anangoja, anaitwa. Karani anaandika anwani nyuma ya kadi, anaigeuza kwa mikono miwili, na kwa heshima zote anamwonyesha kilichochapwa upande wa mbele: siku kadi itakapoisha muda wake. Maombi ya kuongeza muda hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla.